Arobaini na Moja kwa Nane

Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, la kulia limebaki chini. Mawe mawili yamezuia matairi ya mbele, gia iko nyutro, na handibreki imeachiliwa, kwa maana kwenye Isuzu ya aina hii handibreki hushika propela yenyewe, haigusi magurudumu. Kijana wa gereji alikuwa amechora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Akawa analizungusha tairi kwa mikono miwili, polepole, na chini ya gari fundi, amelala chali juu ya katoni, anahesabu kwa sauti.

Tairi lilipozunguka mara mbili, propela ilikuwa imezunguka mara sita na kidogo. Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini sita na sehemu moja ya sita ni difu moja, sita na sehemu moja ya saba ni difu nyingine, na tofauti ya hizo mbili jicho haliipati kwa raundi mbili. Wakaendelea. Saba, nane, tisa. Tairi lilipotimiza raundi ya kumi na nne, mistari yote miwili ya chaki ikarudi mahali pake kwa pamoja, na sauti kutoka chini ikasema, "Arobaini na tatu."

Kumi na nne huwa saba, kwa sababu tairi moja likishikwa na ardhi, lile lililo hewani huenda mbio mara mbili ya krauni iliyo ndani. Fundi akatoka, akajifuta mikono, akamwambia mwenye gari, "Mzee, hii ni arobaini na tatu kwa saba. Hii difu ilikuwa ya milima."

Mzee akakubali kwa kichwa. Gari lile, matatu ya viti 33, alilinunua kutoka kwa mtu aliyekuwa akilipeleka Kangema kupitia Murang'a. Sasa lilikuwa limeingizwa kwenye 237, Thika kwenda Nairobi, na tangu siku ya kwanza lilikuwa likipiga kelele. Likifika kilomita 80 kwa saa injini inalia kama inayodaiwa, na dizeli inaisha kabla jua halijashuka.

Gereji yenyewe ni uwanja wa udongo mweusi kwa oili hapa Ruiru, upande wa Kimbo, bati juu ya nguzo nne na kontena la kufungia vifaa usiku. Nimekaa hapo asubuhi nyingi. Watu wengi wanajua fundi wa injini, na fundi wa bodi ana sifa zake kwa sababu kazi yake inaonekana na kupigwa picha. Fundi wa difu hafanyi kitu kinachoonekana. Kazi yake iko ndani ya kibuyu cha chuma chini ya gari, kimejaa oili na kimefunikwa na matope, na akiifanya vizuri hakuna atakayemkumbuka kwa miaka kumi. Mimi naiona kuwa moja ya kazi za akili kubwa kabisa zinazofanyika kando ya barabara ya Thika, na ningependa itazamwe kwa utulivu inaostahili.

Ndani ya kibuyu hicho kuna gia mbili zinazokutana kwa pembe. Ndogo, pinioni, iko mwisho wa propela. Kubwa, krauni, ina upana wa sahani ya pilau, nayo ndiyo inayogeuza ekseli. Pinioni ikiwa na meno saba na krauni arobaini na tatu, propela inabidi izunguke mara 6.14 ili tairi lizunguke mara moja. Pinioni ya nane na krauni ya arobaini na moja ni mara 5.125. Namba hiyo moja huamua gari litapanda mlima wa aina gani, litakunywa mafuta kiasi gani, na injini yake itachoka lini.

Nitoke kidogo barabarani. Mafundi wetu wameiita ile shafti ndefu propela, na jina hilo ni la majini kabla ya kuwa la nchi kavu. Anayefunga mashine kwenye boti ya kasi ana swali lilelile la fundi wa Ruiru, ila lake lina sehemu mbili. Kwanza anachagua uwiano wa gia zilizo kwenye mguu wa mashine, kisha anachagua rafadha, ile propela ya majini, ambayo hupimwa kwa upana wake na kwa hatua yake, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao nayo ni skrubu. Chukua mashine inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, gia za mbili kwa moja, na rafadha ya hatua ya inchi 19. Rafadha inazunguka mara 2,750, na ukipiga hesabu boti inakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Maji hayashiki kama lami, na kwenye boti nyepesi ya kasi asilimia 10 au 15 hivi ya hatua hupotea kwa kuteleza.

Ukiifunga rafadha yenye hatua ndefu mno kwa tamaa ya kasi, injini haifiki kwenye mizunguko iliyotengenezewa. Inakokota, inapata moto, na boti inachelewa kunyanyua pua. Ukifunga fupi mno, injini inapita kiwango chake na kuzunguka kwa wazimu huku boti haiendi popote. Mafundi wa boti wana kipimo chao cha mkononi: kila inchi moja ya hatua unayopunguza huongeza mizunguko kati ya 150 na 200 kwa dakika. Kwa hiyo hujaribu, hurudi gatini, hubadilisha, hujaribu tena. Boti ikiwa na watu wanane inataka rafadha moja, ikiwa na mtu mmoja na tangi nusu inataka nyingine. Gia na rafadha huchaguliwa pamoja, kwa sababu gia za kupunguza mwendo sana huruhusu rafadha pana inayosukuma maji mengi taratibu, na boti nzito ndiyo inayoitaka hiyo.

Thika hakuna bahari. Iko Chania na maporomoko yake, iko Ndarugu, na hakuna anayepita huko kwa boti ya kasi. Hata hivyo tairi ni rafadha ya barabara. Mzingo wake ndio hatua yake. Ndiyo maana fundi wetu, kabla hata ya kugusa spana, alichukua futi ya utepe, akamwambia kijana aweke alama ya chaki chini ya tairi na alisukume gari mpaka alama ile iguse ardhi tena. Mita mbili na nusu. Tairi likiwa limeisha tredi, kipimo hicho hupungua, na gari linakuwa limebadilishiwa difu kidogo bila mwenyewe kujua.

Kisha akakaa juu ya ndoo akauliza maswali. Hapa ndipo ninapompenda zaidi. Hakuuliza gari linataka kwenda kasi gani. Aliuliza, "Unajaza wapi?" Mzee akasema anajaza Thika, anaangusha Juja, anapakia tena Ruiru na Githurai. "Ukiondoka Githurai umejaa?" Umejaa. "Na jioni unarudi na mzigo juu?" Wakati mwingine, magunia ya soko. "Unaingia Gatanga siku za harusi?" Mzee akacheka, akasema ndiyo, Jumamosi hukodishwa mpaka Gatura.

Kila jibu lilikuwa namba. Barabara kuu ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012, ilibadilisha kazi ya mafundi hawa kuliko sheria yoyote. Zamani matatu ilikuwa inasimama na kuondoka, inasimama na kuondoka, na difu ya milima ilifaa kwa foleni. Barabara ilipopanuliwa, gari likaanza kukaa kwenye gia ya juu dakika kumi mfululizo, na zile difu fupi, za namba kubwa, zikaanza kuua injini. Lakini barabara hii si tambarare kama inavyoonekana kutoka kwenye kiti cha abiria. Inakata mito inayoteremka kutoka Nyandarua, na kila mto una bonde lake: gari lililojaa hushuka, hupita daraja, na kupanda tena. Na tuko juu. Thika na Ruiru ziko karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Difu ambayo Mombasa ingevuta bila kuuliza, hapa inaweza kuwa ndefu.

Fundi akachukua kipande cha katoni akaandika kwa kalamu ya mkaa. Kwa kilomita 80 kwa saa, na tairi la mita 2.5, propela yenye difu ya 43 kwa 7 huzunguka mara 3,276 kwa dakika. Yenye 41 kwa 8 huzunguka mara 2,733. Zaidi ya mizunguko mia tano kila dakika inaokolewa, karibu asilimia 17. "Lakini utalipa," akamwonyesha Mzee. Asilimia ileile inatoka kwenye nguvu ya kuvuta, katika kila gia. Pale Githurai, akiwa amejaa, dereva hataweza tena kuondoka kwa gia ya pili. Atatumia ya kwanza, na asipoizoea ataunguza klachi. Na Gatura ataifikia, ila kwa subira.

Kulikuwa na njia ya katikati, 41 kwa 7, ambayo ni 5.857. Waliizungumza muda mrefu. Fundi alikuwa nayo imetumika, nzuri, na angeweza kuiuza siku ileile. Ile ya 41 kwa 8 ilibidi ifuatwe Nairobi, Kirinyaga Road, na kusubiriwa hadi kesho. Akasema Jumamosi moja kwa mwezi haiwezi kuamua siku nyingine zote, na kijana akatumwa mjini.

Nina sababu ya kuyasikiliza maswali yale kwa makini. Mjomba wangu alikuwa na Canter ya kubeba mawe ya Ndarugu. Gereji moja, ambayo haina haja ya kutajwa, ilimfungia difu ndefu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo siku hiyo, na ikamwambia gari litakuwa jepesi. Lilikuwa jepesi kweli likiwa tupu. Kupanda kutoka shimo la mawe likiwa limejaa lilikuwa likitetemeka kama mgonjwa, na katika mwaka mmoja alinunua klachi tatu. Hakuna aliyemuuliza anabeba nini.

Siku ya pili krauni na pinioni zilifika zimefungwa pamoja kwa waya. Fundi hakuangalia kitu kingine kabla ya kutafuta namba ndogo zilizochapwa kwenye chuma, moja kwenye krauni na moja kwenye shina la pinioni. Zilikuwa sawa. Gia hizi husagwa pamoja kiwandani mpaka zizoeane, na ukichukua krauni ya jozi moja na pinioni ya jozi nyingine, hata meno yakiwa idadi ileile, zitalia hadi mwisho wa maisha yao.

Nilimwuliza kwa nini arobaini na moja. Kwa nini si arobaini, namba nzima, ambayo kwa nane ingekuwa tano kamili? Akaniambia niishike pinioni, nichague jino moja, nilipake rangi. Kisha akanieleza. Kama krauni ingekuwa na meno arobaini, jino langu lingekutana na meno matano yaleyale siku zote. Jino moja likiwa na kasoro, lingekuwa linamuumiza jirani yuleyule kila mzunguko. Kwa arobaini na moja, jino langu linapita kwa kila jino la krauni, moja baada ya jingine, na linarudi kwa lile la kwanza baada tu ya pinioni kuzunguka mara arobaini na moja. Uchakavu unagawanywa kwa wote. Shuleni tulifundishwa kuziita namba tasa, zisizogawanyika, na mwalimu hakutuambia zina kazi gani duniani. Thelathini na saba, arobaini na moja, arobaini na tatu: zimejaa kwenye rafu za Kirinyaga Road. Si difu zote zilizo hivyo. Zipo za arobaini kwa sita, nazo hufanya kazi. Lakini tangu siku ile siwezi kusoma 41 nikaiona kama namba ya kawaida.

Kufunga kulichukua siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo ilikuwa kupima. Beringi za pinioni zinatakiwa kubanwa kiasi, zisilegee na zisikazwe mno. Fundi alizungusha uzi kwenye flanji, akaufunga kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama, akauvuta taratibu na kusoma ni uzito gani unaoanza kuizungusha. Akaongeza shimu moja nyembamba kama karatasi, akavuta tena. Akaitoa. Akarudisha nyingine. Alifanya hivyo mara tano, na hakuna hata mara moja aliyosema "itakaa sawa."

Kisha krauni. Kati ya meno yake na ya pinioni panatakiwa kuwe na uchezaji mdogo sana, karibu robo ya milimita, wa kupitisha oili na wa kuruhusu chuma kutanuka kikipata joto. Aliupima kwa geji ya saa iliyowekwa kwenye jino. Halafu akapaka rangi ya njano kwenye meno machache ya krauni, akamwambia kijana aishike kwa kitambaa ili izunguke kwa uzito, naye akaizungusha pinioni kwenda mbele na kurudi nyuma. Rangi ikabaki imefutika pale tu meno yalipogusana, na sura ya doa hilo ndiyo inayosomwa.

Jino la krauni lina kisigino, upande wa nje ulio mnene, na lina vidole, upande wa ndani ulio mwembamba. Doa la kwanza lilikaa kwenye kisigino. Mtu asiyejua angeona rangi imefutika tu. Fundi aliliangalia kwa tochi ya simu, akafungua kila kitu tena. La pili lilikuwa limeshuka chini mno kwenye mzizi wa jino: pinioni imeingia ndani kupita kiasi. Akafungua tena. La tatu lilikaa katikati, limeegemea kidogo upande wa vidole. Hapo akatabasamu. Kijana akauliza kama si afadhali likae katikati kabisa. "Hapa hakuna mzigo," fundi akamwambia. "Watu thelathini na tatu wakikaa, chuma kinajipinda, doa linasogea kwenda kisigino. Unaliacha hapa ili likifika pale liwe katikati." Alikuwa analifungia gari abiria ambao bado hawajapanda.

Kibuyu kikafungwa, oili ikamiminwa, ile nzito ya difu yenye harufu kali ya kiberiti. Harufu hiyo hutoka kwenye dawa inayolinda meno, kwa sababu gia za aina hii haziviringani tu, husuguana pia, na oili ya injini peke yake ingekatika katikati yao.

Mzee alidhani kazi imekwisha, akatoa funguo. Fundi akamzuia. Kwenye gari lile spidi hupimwa kutoka kwenye giaboksi, na giaboksi haijui kwamba difu imebadilishwa. Saa ikionyesha 80, gari litakuwa linakwenda 96. Kifaa cha kudhibiti kasi nacho kingedanganywa vivyo hivyo, na kilomita 80 kwa saa ndicho kikomo cha magari ya abiria tangu zile kanuni zilizoletwa na marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Wapo wenye magari wanaobadilisha difu kwa ajili ya uongo huo hasa. Fundi huyu hatoi gari mpaka spidi irekebishwe na kupimwa upya, na nimemwona akimrudishia mtu pesa zake kwa sababu hiyo. "Hao watu nyuma wamelipa nauli ya kufika," alisema, akarudi kutafuta bisibisi.

Nimefikiria mara nyingi kwamba Thika ina haki ya kujivunia mambo haya. Kiwanda cha kuunganisha magari kilichoanza hapo mwaka 1974 kama Leyland Kenya, na ambacho leo ni Kenya Vehicle Manufacturers, kimetoa malori na mabasi kwa nusu karne, na mwaka 2024 mabasi ya umeme ya BasiGo yakaanza kuunganishwa humo. Basi la umeme halina giaboksi ya kubadilisha, lakini kwa kawaida mota yake huzunguka kwa kasi kubwa kuliko tairi linavyotaka, na kati ya vitu hivyo viwili lazima mtu achague namba. Swali litabaki palepale, unabeba nini na unapanda wapi.

Jioni tulikwenda kulijaribu. Mzee aliendesha, fundi akakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, juu ya ekseli, macho amefumba. Tulipita Juja, tukashuka kwenye bonde la Ndarugu na kupanda upande wa pili. Dereva akikanyaga mafuta, fundi anasikiliza. Akiachilia, anasikiliza, kwa kuwa difu iliyofungwa vibaya inaweza kulia kwa upande mmoja na kunyamaza kwa mwingine. Kilomita 80, na za kweli. Injini ilikuwa inanguruma chini, kwa sauti ya mtu anayezungumza bila kugombana. Mzee hakusema neno hadi tulipoona kibao cha Thika, kisha akasema tu, "Imetulia."

Tuligeuza pale kwenye mzunguko, tukarudi Ruiru. Fundi akashuka kabla injini haijazimwa, akaingia chini na kuweka kiganja juu ya kibuyu, akakiacha hapo muda wa pumzi kama tano. Joto la kuvumilika. Akaomba kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba. Akapangusa matope kwa kitambaa, na juu ya chuma, mahali ambapo fundi mwingine akilala chali siku moja ataiona bila kuinua jeki, akaandika 8/41.